Herbert Foxwell na Maktaba ya Masonara

Karatasi ina maisha mafupi. Ikipigwa chapa asubuhi husomwa mchana, na jioni hufungiwa karanga au huwashiwa moto. Ndivyo ilivyokuwa Uingereza katika karne ya 18 na ya 19, wakati watu wa nchi ile walipokuwa wakishindana kwa maandishi juu ya bei ya ngano, thamani ya noti, kodi, maskini, watumwa na reli. Kila shindano lilizaa vijitabu vyake. Kijitabu kilileta kelele kwa wiki chache, kisha kikasahauliwa. Aliyeshinda hakukihitaji tena, na aliyeshindwa hakupenda kukumbushwa.

Walakini mtu atakaye kujua jinsi taifa lilivyopata mali yake, na nani walioumia katika kupatikana kwake, hawezi kuyapata yote katika vitabu vikubwa vya wanachuoni. Maktaba ya elimu ya uchumi iliyo timamu ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni vitabu mashuhuri, ambavyo mwenye fedha aweza kuviagiza akavipata. Sehemu ya pili ni karatasi za ubishi, ambazo fedha peke yake haiwezi kuzileta, maana hazikai dukani zikimngoja mnunuzi. Sharti awepo mtu aliyeziokota zilipokuwa hazina thamani. Kwa elimu ya uchumi ya Kiingereza, mtu aliyeokota kuliko wote alikuwa Herbert Somerton Foxwell.

Foxwell alizaliwa mwaka 1849 katika mji mdogo wa Shepton Mallet, wilaya ya Somerset. Alisoma katika chuo cha St John's, Cambridge, na baadaye akafundisha huko huko. Mwaka 1881 alipewa kiti cha uprofesa wa uchumi katika University College, London, kiti kilichoachwa na William Stanley Jevons. Yasimuliwa kwamba mwanzo wa maktaba yake ulikuwa siku moja ya mwaka 1875, alipokuwa akitembea na Jevons katika njia ya Great Portland Street, London. Katika duka la vitabu vikuukuu walikuta kitabu cha Dionysius Lardner kiitwacho Railway Economy, kilichotolewa mwaka 1850. Jevons alimshauri akinunue, na Foxwell akakinunua kwa peni sita.

Kitabu hicho hakikuwa cha sifa kubwa. Lardner alikuwa mwandishi wa mambo ya sayansi na mitambo, wala hakuhesabiwa miongoni mwa wakuu wa elimu ya uchumi. Lakini alikuwa ameonyesha kwa hesabu na michoro jinsi nauli ya reli inavyoongeza faida ikipandishwa, mpaka ifike mahali ambapo kuipandisha zaidi kunaipunguza. Jevons, aliyeamini kwamba uchumi ni elimu ya hesabu, alikuwa amejifunza mengi kwake. Basi katika biashara ile ya peni sita Foxwell alipata vitu viwili: kitabu, na fundisho kwamba wazo jema laweza kulala katika kitabu ambacho wenye elimu hawakiangalii.

Fundisho hilo lilithibitika baada ya miaka michache. Mwaka 1881 Jevons alitoa makala juu ya Richard Cantillon, mtu wa benki mwenye asili ya Ireland, ambaye kitabu chake kilitolewa kwa Kifaransa mwaka 1755, miaka mingi baada ya kifo chake. Kitabu hicho kilieleza mzunguko wa fedha, bei na mishahara kwa utaratibu ambao ulimshangaza Jevons. Kilikuwa kimetangulia kitabu kikubwa cha Adam Smith kwa miaka 21, lakini kizazi baada ya kizazi walikipita bila kukiona. Mwaka uliofuata Jevons alizama baharini akaogelea asirudi. Foxwell alibaki na kiti chake, na tamaa yake ya vitabu, na kazi ya kuyatengeneza baadhi ya maandishi yake juu ya sarafu, ambayo yalitolewa mwaka 1884.

Haifai kudhani kwamba Foxwell alikusanya vitabu kama mtoto akusanyavyo makombe ya pwani. Alikuwa na hoja. Katika zama zake wanauchumi wengi wa Kiingereza walimhesabu David Ricardo, aliyetoa kitabu chake kikubwa mwaka 1817, kuwa ndiye aliyeweka msingi wa elimu. Ricardo aliondoa mambo mengi ya desturi na ya historia, akabakiza kanuni chache, na kutoka hizo akatoa hukumu kama atoavyo mtu wa jiometri. Foxwell aliichukia njia hiyo. Aliona kwamba kanuni zilizokatwa kutoka katika maisha ya watu hurudi kuwadhuru watu, na kwamba uchumi hauwezi kueleweka bila ya historia ya nchi, ya sheria, ya benki na ya kazi. Maktaba yake ilikuwa jibu lake kwa Ricardo. Wengine walijibu kwa kuandika vitabu. Yeye alijibu kwa kuvikusanya.

Jibu hilo lilikuwa na nguvu, kwa sababu hata Ricardo mwenyewe hakuanza katika ukimya wa chumba cha kusomea. Mwezi wa Februari 1797, wakati wa vita na Ufaransa, Benki ya Uingereza iliacha kulipa dhahabu kwa noti zake, na haikurudia desturi hiyo kwa ukamilifu mpaka mwaka 1821. Bei zilipanda, na watu wakauliza kama kosa lilikuwa la vita, la mavuno au la noti zenyewe. Mwaka 1809 Ricardo, ambaye wakati huo alikuwa mfanya biashara wa hisa, alipeleka barua gazetini, na mwaka 1810 akatoa kijitabu juu ya bei kubwa ya dhahabu. Alijibiwa, naye akajibu, na wengine wengi wakaingia. Asomaye kitabu cha mwaka 1817 bila ya vijitabu vile husikia mtu mmoja akisema katika nyumba tupu. Asomaye pamoja navyo husikia baraza zima: mwenye benki, mkulima, mbunge, mfanya biashara na mwendawazimu mmoja mmoja. Katika baraza hilo mara nyingine aliyepuuzwa alikuwa na haki.

Namna ya kulikusanya baraza hilo ilitaka subira isiyo ya kawaida. Wauzaji wa vitabu vikuukuu walitoa orodha zao, na mnunuzi aliyechelewa kuisoma orodha kwa siku moja aliweza kukosa kitu ambacho hakitaonekana tena katika maisha yake. Vijitabu vingi viliuzwa vikiwa vimejalidiwa pamoja, kumi au kumi na viwili katika jalada moja, na aliyetaka kimoja alilazimika kununua vyote. Vingine havikuwa na jina la mwandishi. Vingine vilikuwa na jina la uongo. Ilimpasa mkusanyaji kujua nani aliyeandika, katika ubishi gani, na kujibu hoja ya nani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Foxwell aliinama kwa zaidi ya miaka 50.

Jambo moja lililomtofautisha na wanunuzi wa kawaida lilikuwa heshima yake kwa chapa mbalimbali za kitabu kimoja. Mtu mwenye akili ya kawaida husema kwamba chapa ya mwisho ndiyo bora, na zile za kwanza zaweza kutupwa. Katika elimu ya uchumi neno hilo ni hasara. Thomas Malthus alitoa insha yake juu ya wingi wa watu mwaka 1798 bila ya kutia jina lake. Mwaka 1803 alitoa chapa ya pili iliyokuwa kubwa mara kadhaa na yenye mawazo mapya, hata ikawa kama kitabu kingine. Ricardo naye, katika chapa ya tatu ya mwaka 1821, alitia sura mpya juu ya mashine, akakiri kwamba mashine zaweza kuwadhuru wafanya kazi, jambo ambalo hapo kwanza hakulikubali. Maktaba yenye chapa ya mwisho tu humwonyesha msomaji mahali mwandishi alipofika. Maktaba yenye chapa zote humwonyesha njia aliyopita, na mahali alipogeuka. Ndiyo maana katika maktaba ya namna hii nakala mbili zinazofanana kwa nje si lazima kuwa kitu kimoja.

Mwaka 1899 matunda ya kazi hiyo yalionekana hadharani. Kitabu cha mwanasheria wa Austria, Anton Menger, juu ya haki ya mfanya kazi kupata matunda yote ya kazi yake, kilitolewa kwa Kiingereza, na Foxwell alikiandikia utangulizi mrefu pamoja na orodha ya vitabu. Katika utangulizi huo aliwatoa kaburini waandishi wa Kiingereza waliokuwa karibu wamesahauliwa: William Thompson, Thomas Hodgskin, John Gray, John Francis Bray. Watu hao, katika miaka ya 1820 na 1830, walikuwa wamechukua kanuni ya Ricardo kwamba thamani hutokana na kazi, wakauliza: Ikiwa ndivyo, mbona aliyefanya kazi hapati thamani yake? Foxwell hakuwa msoshalisti, wala hakuyapenda mafundisho yao. Alimlaumu Ricardo kwa kuwapa silaha. Lakini alikuwa amevinunua vijitabu vyao, amevisoma, na amevitunza kwa uangalifu ule ule aliowatunzia watu wa upande wake. Hapo ndipo mkusanyaji mkweli anapopimwa. Kukusanya maneno ya rafiki si kazi. Kazi ni kukusanya maneno ya mtu ambaye ungependa asingalisema.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama, na mshahara wa profesa haukutosha. Mwaka 1898 Foxwell alioa, na nyumba ya mwenye mke haiwezi kuendeshwa kwa vijitabu. Vitabu vilikuwa vimefika kama 30,000, navyo vilikuwa ndiyo mali yake karibu yote. Ikawa hatari kwamba mkusanyo ule utauzwa vipande vipande, kila jalada likaenda njia yake, na kazi ya miaka 25 ikarudi kuwa karatasi tu. Kitabu kimoja kikitolewa katika maktaba ya namna ile hakipunguzi kitabu kimoja tu. Hukata uzi uliokuwa ukikiunganisha na kile kilichokijibu.

Mwaka 1901 msaada ulitoka kwa watu ambao si wanachuoni. Chama cha Masonara wa London, jamaa ya kale ya wafua dhahabu na fedha, kilinunua mkusanyo mzima kwa pauni 10,000, na mwaka 1903 kikautoa kuwa zawadi kwa Chuo Kikuu cha London. Tangu hapo uliitwa Maktaba ya Masonara. Jina la mfadhili likawa juu ya mlango, na jina la mwokotaji likabaki ndani ya majalada. Ndivyo mambo ya dunia yalivyo, walakini masonara wasingalikuwa na kitu cha kununua bila ya Foxwell, na Foxwell asingaliweza kukihifadhi bila ya masonara.

Yafaa kuitazama maktaba nyingine iliyokuwa ikikua wakati ule katika mji ule ule. Mwaka 1896, mwaka mmoja baada ya kufunguliwa kwa Chuo cha Uchumi cha London, Sidney na Beatrice Webb walianzisha maktaba ya siasa na uchumi kwa ajili ya chuo hicho na ya watu wote wenye haja. Njia yao ilikuwa tofauti. Walitaka ripoti za serikali, hesabu za mabaraza ya miji, taarifa za vyama vya wafanya kazi, za viwanda na za nchi za kigeni. Wao wenyewe walikuwa wamekusanya karatasi nyingi za vyama vya wafanya kazi walipokuwa wakiandika historia ya vyama hivyo, iliyotolewa mwaka 1894, na karatasi hizo zikaingia katika maktaba. Foxwell alitafuta yaliyopita, asije akapotea aliyekwisha nyamaza. Akina Webb walitafuta yaliyopo, ili anayetawala ahesabiwe. Maktaba kubwa ya uchunguzi haiwezi kuacha njia yoyote katika hizo mbili. Ikikusanya ya kale peke yake hugeuka nyumba ya makumbusho. Ikikusanya ya leo peke yake, baada ya miaka 20 haijui kwa nini ilikusanya.

Baada ya kuuza, mtu mwingine angepumzika. Foxwell aliendelea. Nakala za ziada zilizobaki mikononi mwake zikawa msingi wa maktaba ya pili, na orodha za wauzaji zikaendelea kuingia katika nyumba yake namba 1 ya Harvey Road, Cambridge. Katikati ya kazi hiyo alipata pigo kubwa la maisha yake. Mwaka 1908 Alfred Marshall aliacha kiti cha uprofesa wa uchumi wa Cambridge. Foxwell, aliyekuwa karibu na miaka 59 na rafiki wa Marshall wa siku nyingi, alitumaini kukirithi. Kiti alipewa Arthur Cecil Pigou, kijana wa miaka 30, naye Marshall alikuwa upande wa kijana huyo. Pigou alikuwa hodari katika kanuni, na tayari alikuwa na vitabu vilivyobeba jina lake. Foxwell alikuwa na maelfu ya vitabu, lakini kitabu kikubwa kilichoandikwa naye hakikuwapo. Urafiki wake na Marshall ulijeruhika.

Hapo ndipo swali la maisha yake linapokaa. Je, aliyapoteza? Waliochagua walikuwa na hoja. Chuo kikuu huhitaji mwalimu wa kuipeleka elimu mbele, na mtu aliyekwisha tumia miaka 30 katika kuokota ya nyuma aweza kuonekana kama aliyegeuza uso. Tena ni kweli kwamba ukusanyaji una ulevi wake. Kila kitabu kinachopatikana huonyesha kingine kilichokosekana, na siku ya kukaa kuandika husogea mbele kama mazigazi ya jangwani. Foxwell alijua kuliko mtu yeyote jinsi elimu yake ilivyotokea, na sehemu kubwa ya ujuzi huo alikwenda nao kaburini.

Alikufa mwezi wa Agosti 1936, akiwa na miaka 87. Aliyeandika taazia yake katika jarida la wanauchumi alikuwa John Maynard Keynes, aliyezaliwa katika njia ile ile ya Harvey Road, nyumba namba 6. Mwaka huo huo Keynes alikuwa ametoa kitabu chake kikuu, kilichopindua mafundisho ya wakubwa waliofuata njia ya Ricardo. Katika sura moja ya kitabu hicho aliwarudishia heshima waandishi waliokuwa wamecheka na kuchekwa: watu wa karne ya 17 na ya 18 waliotetea wingi wa fedha nchini, na wengine walioitwa wapotovu kwa kusema kwamba uwekaji wa akiba waweza kuzidi kiasi. Kwa muda wa miaka mia wasomi walikuwa wamefundishwa kwamba watu hao walikosa. Dunia ilipoingia katika upungufu mkubwa wa kazi baada ya mwaka 1929, maneno yao yakahitajika tena. Kama karatasi zao zingalikuwa zimekwisha fungiwa karanga, hapangekuwa na wa kuulizwa. Hilo ndilo jibu kwa swali la mwaka 1908, ingawa lilichelewa.

Maktaba ya pili, yenye vitabu kama 20,000, ilivuka bahari baada ya kifo chake ikaenda Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambako iliungwa mkono kwa mali ya mfanya biashara Claude W. Kress na kufunguliwa kwa jina la Kress mwaka 1938. Kwa mara ya pili jina la mlangoni likawa la mwenye fedha. Wala haikuwa maktaba ya kwanza ya uchumi kusafiri hivyo. Carl Menger wa Vienna, ndugu yake Anton, alipokufa mwaka 1921, vitabu vyake kama 20,000 vilinunuliwa na chuo cha biashara cha Tokyo, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Hitotsubashi. Vitabu hufuata fedha kama maji yafuatavyo bonde. Nchi inayoshindwa vitani au inayofilisika hupoteza pia kumbukumbu zake, na mara nyingine kumbukumbu hizo huokoka kwa sababu ya kupotea kwake.

Katika miaka ya 1970 maktaba mbili za Foxwell, ya London na ya Harvard, zilikutanishwa kwa njia ambayo mwenyewe hakuiota. Kurasa zake zilipigwa picha katika filamu ndogo, zikapangwa mwaka kwa mwaka na jambo kwa jambo mpaka mwaka 1850, na vyuo vya nchi nyingi vikainunua filamu hiyo. Baadaye picha hizo zikaingizwa katika kompyuta, na leo msomaji wa chuo kinacholipia aweza kulitafuta neno moja katika maelfu ya vijitabu kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Lakini neno kinacholipia ni zito. Ukutani hakuna tena mlango wenye jina la masonara, ila mlango bado upo, na bado hufunguliwa kwa fedha.

Kuna upungufu mwingine ambao hakuna mashine itakayouondoa. Mkusanyo wa Foxwell una maandishi mengi juu ya watumwa, juu ya vibarua wa mashamba, juu ya watoto wa viwandani na juu ya watu wa makoloni. Maandishi yaliyotoka kwa watu hao wenyewe ni machache mno. Hakosi mkusanyaji, aliokota kilichopigwa chapa, na mashine za chapa hazikuwa mikononi mwao. Walakini msomaji akiingia katika maktaba ya namna hiyo afadhali ajue kwamba anasikia baraza la waliopata nafasi ya kusema, na kwamba nje ya baraza palikuwa na umati.

Kwa hiyo kazi aliyoianza Foxwell kwa peni sita haikwisha kwa pauni 10,000, wala kwa filamu, wala kwa kompyuta. Mkutubi wa uchumi ana mezani pake kila siku karatasi ambazo hazijulikani thamani yake: taarifa ya chama cha ushirika, malalamiko ya wavuvi juu ya kodi, hesabu za soko la mji mdogo, tangazo la mgomo. Nyingi zitakuwa takataka kweli. Chache zitakuwa Cantillon. Wala hana mizani ya kuzipima leo, ila kumbukumbu ya duka lile la Great Portland Street, na mtu aliyeinama juu ya kitabu kilichochakaa akatoa sarafu mfukoni.